Inchi Mbili za Mbao

Ujumbe wa mjomba ulinikuta kambini, kusini mwa Tabora, wiki ile ambayo msimu wa uwindaji ulikuwa unafungwa. Niliusikiliza nikiwa nimesimama juu ya kichuguu, kwa kuwa ni hapo tu simu ilipata mtandao.

"Mwana wa dada," sauti yake ilisema, "jicho la kulia limezima kabisa. Ni presha ya macho. Hili la kushoto bado linaona, na daktari hataki kuniambia litaona mpaka lini. Nataka kuhamisha bunduki bega. Katika ukoo huu wote, mtu wa kushoto ni wewe peke yako. Kuja unionyeshe."

Safari ilinichukua siku nne. Gari la kampuni lilinitoa porini hadi mjini Tabora, basi likanifikisha Singida na jingine Arusha. Nilivuka mpaka Holili asubuhi yenye mvua, nikapita Taveta ambako niliwahi kupakia ndizi miezi minane nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, na nikashangaa kuona lile ghala la ndizi limekuwa kanisa. Voi nililala. Kibwezi nilipata lifti ya pikapu iliyobeba matikiti kutoka mashamba ya kando ya mto, ikielekea Kitui. Dereva hakunyamaza tangu Kibwezi hadi Mutomo. Nilipoondoka Ukambani barabara ile ilikuwa vumbi jekundu; sasa ni lami, na vilima vilivyokuwa vikinichukua nusu siku kuvipita vilikuwa vinapita kabla sijakumbuka majina yake.

"Umekaa huko Tanzania miaka mingapi?" dereva aliuliza.

"Kumi na minne."

"Na huna hata sanduku?"

Nilikuwa na begi moja. Nilimwonyesha, naye akacheka peke yake.

Nimekuwa mtu wa hivyo tangu nimalize kidato cha nne. Nimefanya kazi ya ghala Mombasa, nimeuza mitumba Mtito Andei, nimechimba mitaro. Kazi ya uwindaji ilinishika kwa sababu kambi zilihama kila mwaka nami nikahama nazo. Nilianza kama mfuata nyayo, nikawa mbeba bunduki, na mwishoni nikawa ndiye anayejaribu bunduki za wageni kwenye shabaha kabla hawajaingia porini, kuona kama safari ya ndege haijazivuruga. Nilipiga risasi nyingi kuliko wageni wenyewe. Na kila risasi niliipiga kwa bunduki ya mtu mwingine, iliyotengenezwa kwa mkono mwingine.

Asiyewahi kushika bunduki ya bolti inabidi nimweleze. Ubavuni ina chuma kama komeo la mlango. Unakiinua, unakivuta nyuma, ganda la risasi linaruka nje. Unakisukuma mbele, risasi mpya inaingia. Komeo hilo huwekwa kulia, kwa mkono wa kulia. Mashoto anaweka kitako kwenye bega la kushoto, halafu kila akipiga analazimika kuachia, kuvusha mkono juu ya bunduki, kufungua na kufunga, kisha kurudi kumtafuta mnyama ambaye ameshaondoka. Nilifanya hivyo miaka yote. Wageni walinipiga picha nikifanya, kama mtu anayekula kwa miguu.

Nilizaliwa mashoto katika kijiji cha Tulia, na bibi yangu hakulikubali. Wakati wa kula alinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha leso, akakaza fundo nyuma ya kiti. Hakuwa mkali. Aliona ananiondolea aibu, maana mtu anayempa mwenzake kitu kwa kushoto kwetu anaonekana amemdharau. Mpaka leo ninasalimia, ninakula na ninaandika kwa kulia. Mkono wa kushoto ulibaki na mambo mawili ambayo bibi hakuyaona: kurusha mawe na, baadaye, kulenga.

Hayo ninayaeleza mapema ili isije ikafikiriwa kwamba ninayatoa kama kisingizio.

Mjomba aliishi upande wa pili wa Kwa Vonza, kwenye shamba kubwa kavu linaloelekea uwanda wa Yatta. Alikuwa mkandarasi wa kuchimba mabwawa, na alistaafu akiwa na trekta moja bovu, ng'ombe, na kiwanja cha shabaha alichokichonga kati ya vilima viwili, kikakaguliwa na kuidhinishwa. Alikuwa mtu mfupi, mpana kifuani, na mikono mifupi minene kama ya mtu aliyeanza kusukuma toroli kabla hajamaliza kukua. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku akiwa kijana, kwa hiyo kila baada ya miaka michache alivuka kwenda Tanzania kwa kibali na kuwinda kihalali. Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka mara mbili. Mnyama mmoja alikuwa hajampata: tandala mkubwa, yule wa pembe za mzunguko. Mara ya kwanza hatukumwona. Mara ya pili tulimwona mbali, juu ya mteremko, na mjomba alishusha bunduki bila kupiga akisema hana uhakika. Sasa najua ni jicho lililokuwa limeanza.

"Msimu unafunguliwa Julai," aliniambia siku niliyofika, kabla hata sijanawa mikono. "Nimeshaandika barua ya kuomba kibali. Nataka mmoja tu. Nipige vizuri, aanguke pale pale, nirudi nyumbani nikae. Baada ya hapo jicho lizime likitaka."

"Likizima kabla ya Julai?" anti aliuliza kutoka jikoni.

"Wewe pika."

"Ninapika. Na ninauliza."

Anti, mke wake, alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa na cherehani ya miguu kwenye veranda na hapo alishona sare za shule na majoho ya kwaya ya kanisa lao. Utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake hata Jumapili. Aliweza kukutazama ukipita langoni akajua mabega yako ni inchi ngapi, na alikuwa akitabasamu akikosea kwa robo.

Miezi ya kwanza nilimfundisha kwa bunduki yake ya zamani, bila risasi. Kila asubuhi tulikaa verandani. Nilimfundisha kufumba jicho lililokufa, kwa sababu hata likiwa halioni lilikuwa bado linataka kutangulia. Nilimfundisha kuweka shavu upande mwingine. Ni kazi ngumu kwa mtu wa karibu miaka sabini, na aliifanya kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake akiwa na macho mawili. Nilipika chai, nikalisha ng'ombe, nikarekebisha uzio. Jioni sote watatu tulikula muthokoi wa mahindi na maharagwe mezani. Nilijikuta nimekaa miezi mitatu bila kuuliza barabara yoyote inaelekea wapi. Nilinunua mto wa kulalia. Inaonekana ni jambo dogo, ila sikuwahi kununua mto maishani.

Kibali cha kununua bunduki kilipotoka tulikwenda Nairobi, kwenye duka moja lenye mlango wa chuma. Muuzaji alikuwa mtu wa miwani na simu mbili. Alituambia bunduki za mashoto huagizwa kwa jina, hazikai dukani, ila bahati yetu alikuwa nazo mbili, za wateja waliohama nchi kabla hazijafika.

Aliziweka juu ya kitambaa cha kijani. Ya kwanza ilikuwa fupi, nyepesi, ya risasi ya wastani. Teke lake begani ni dogo. Mpaka mita mia nne ilikuwa na uwezo wote ambao tandala angeuhitaji. Kitako chake kilikuwa cha plastiki nyeusi, na haikuwa na sura yoyote ya kukumbukwa. Ya pili ilikuwa ndefu, na mtutu mzito, ya risasi kubwa inayofika mbali bila kushuka sana na inayopiga bega kwa nguvu. Kitako chake kilikuwa cha mbao, mistari yake ya kahawia imepinda kama maji ya mto yanayozunguka jiwe.

"Shika wewe kwanza," mjomba aliniambia. "Mimi wa kushoto nimeanza juzi. Wewe ndiye unajua."

Nilishika ile fupi, nikairudisha. Nikashika ile ndefu.

Sijui namna ya kulieleza hili bila kuonekana ninatia chumvi. Niliiweka begani na jicho langu likawa tayari katikati ya darubini ya kulengea, sikuitafuta. Nilishusha mkono wa kushoto na komeo lilikuwa pale, upande ule ambao mkono wangu ulikuwa ukilitafuta miaka kumi na minne. Nililivuta, nikalisukuma. Halikunilazimisha kuvuka popote. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu na kile kilikuwa kitu cha kwanza duniani nilichokishika kikiwa kimetengenezwa na mtu aliyejua kwamba watu kama mimi wapo.

"Inakuaje?" mjomba aliuliza.

"Hii," nilisema.

Alichukua akaiweka begani. Niliona shingo yake ikinyooka mbele kutafuta darubini. Niliona kitako kimekaa kwenye msuli wa mkono badala ya shimo la bega. Kazi yangu ilikuwa kuona vitu hivyo; nililipwa kwa kuviona. Muuzaji naye aliona, nadhani, akasema tu, "Mzee atazoea," na simu yake moja ikaita.

"Ile ndogo je?" mjomba aliuliza.

"Ile ni ya kupiga karibu," nilisema. "Tandala hatakungoja."

Ilikuwa nusu ya ukweli. Nilirudi Kwa Vonza nikiwa nimeibeba mapajani, ndani ya mfuko wake, mjomba akiendesha gari polepole kwa jicho moja.

Siku ya pili yake asubuhi mjomba alikuwa verandani akifanya mazoezi bila risasi. Anti alikuwa akishona kola. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Mbona unatoa shingo kama kobe?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Aiya. Ngoja." Alisimama, akavua utepe shingoni, akampima mume wake kutoka mkunjo wa kiwiko hadi kidole cha kwanza. Kisha akaja kwangu akanipima mimi, nami nikamwachia mkono kama mtoto. Kisha akapima kitako cha bunduki, kutoka nyuma mpaka kwenye kifyatulio. Hakuna aliyemfundisha kipimo hicho. Ndicho hasa mafundi wa bunduki wanachotumia.

"Wewe kumi na mbili," alimwambia mjomba. "Huyu kumi na nne. Bunduki kumi na nne." Alinitazama. "Huu mkono ni wako, si wake. Shati nikilishona hivi, mteja atalirudisha."

"Si ikatwe basi," mjomba alisema. "Ni mbao tu. Inchi mbili."

Hapa ndipo penyewe.

Kitako cha bunduki kinakatwa. Ni kazi ya asubuhi moja. Fundi anakata kwa msumeno wa meno madogo, anarudisha ule mpira wa nyuma, anasogeza darubini, na bunduki inamtosha mwenyewe. Nimeona ikifanywa kambini kwa mke wa mgeni, chini ya turubai, tukisubiri chai ichemke. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Na nilijua pia kwamba ikikatwa inchi mbili haitakuwa tena bunduki ambayo jicho langu halikuitafuta.

"Hii haikatwi," nilisema. "Ukikata, uzito wote unahama. Shabaha inapotea."

Anti alicheka. "Hii ni Ukambani. Watu wetu wamekata mpingo wakaufanya twiga, wakauuza dunia nzima. Leo wewe unatuambia kuna mbao haikatwi?"

"Vinyago havipigi mita mia nne, anti."

"Wacha," mjomba alimwambia. "Huyu ndiyo kazi yake. Amesema haikatwi, haikatwi."

Anti alirudi kwenye cherehani. Nilisikia ikianza polepole, halafu kwa kasi. Na mimi nilikuwa na saa nyingi, siku nyingi, wiki saba nzima za kubadilisha neno moja.

Mwanzoni ilionekana sikukosea. Tulipiga kutoka mezani, bunduki ikiwa imelala juu ya mifuko ya mchanga, na mchanga ulilishika lile teke kabla halijamfikia. Mwezi wa Juni mjomba alikuwa anagonga bamba la chuma kwenye mita mia tatu. Sauti ya chuma ilichukua muda kurudi, na aliingoja ameinua kidole, kama mtu anayesikiliza redio.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwambie anti wako."

"Anti amesikia," anti alisema kutoka verandani.

Nilimpenda sana mjomba siku hizo. Hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo, kwamba nilimpenda na huku ninamwibia. Baada yake alikuwa ananiachia nipige risasi tatu, akiwa ameketi karibu, na nilizipiga nikiwa nimelala chini, mkono haukuvuka chochote. Risasi tatu zilifunikwa na kiganja. "Angalia huyu," alikuwa akimwambia ng'ombe.

Siku kumi kabla ya safari alitaka kujaribu kulala chini mwenyewe. "Tandala hatatuletea meza," alisema. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri, hakuna upepo. Mtu akilala chini kichwa chake husogea mbele zaidi kuliko akikaa, kila anayefanya kazi hiyo anajua. Bamba tuliliweka juu ya kilima ili alenge kama mteremkoni. Nilimwona akitambaa na shingo kuelekea darubini, jicho lake karibu kabisa na chuma, kitako kikiwa nje ya bega. Nilifungua mdomo. Ningesema nini? Rudi nyuma? Akirudi nyuma haoni kitu. Dawa yake ilikuwa moja na nilikuwa nimeshasema haipo.

"Shika kwa nguvu," nilisema.

Alipiga. Chuma kililia kilimani, alikuwa amepata. Kisha nikamwona ameweka uso mchangani. Ukingo wa darubini ulikuwa umempasua nyusi, mpasuko safi kama mwezi mwandamo, na damu ilikuwa ikimwingia kwenye jicho la kushoto.

"Nimegonga?" aliuliza.

"Umegonga."

"Sioni."

"Ni damu, mjomba. Tuipanguse."

Niliipangusa kwa maji ya chupa. Nilipomaliza aliniuliza kama bado sijamaliza.

Daktari wa macho pale Kitui alikuwa mwanamke mpole aliyechoka. Alisema kidonda cha nje kitapona kwa wiki moja. Ndani ya jicho kulikuwa na damu pia, na kwa jicho lenye presha hiyo ni mbaya. Walijaribu dawa, walijaribu kupunguza presha. Mwezi wa Julai uliingia akiwa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu aliye mlangoni. Nilimuuliza daktari faraghani kama lile teke ndilo lililoliua jicho. Alisema ugonjwa ungelichukua hata hivyo, labda mwaka mmoja, labda miwili. Alidhani ananituliza.

Anti ndiye aliyeniuliza. Alikuwa anapindua pindo la sare, mjomba amelala ndani.

"Ile mbao," alisema bila kuinua macho. "Ilikuwa haikatwi kweli?"

"Inakatwa."

Alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno. "Utamwambia wewe," alisema. "Mimi sitakusaidia, na sitakutangulia."

Nilikaa siku sita bila kumwambia. Nilimwongoza mjomba chooni, nilimwekea kijiko mkononi. Alikuwa anajifunza meza kwa vidole. Siku ya saba, tukinywa chai, aliniomba nimletee bunduki. Niliifungua kabatini kwa ufunguo wake, nikahakikisha haina kitu, nikamwekea magotini. Aliipapasa yote, kuanzia mtutu, akafika kwenye mbao akakaa hapo.

"Ni nzuri?" aliuliza. "Mimi sikuiangalia sana. Nilikuwa naangalia bamba."

"Ni nzuri, mjomba."

"Basi tufanye hivi. Leseni yangu nitairudisha, kipofu hana haja ya leseni. Wewe uombe yako. Kiwanja kipo, utakilinda, utafundisha watu. Hii ikae na wewe. Inakutosha, hata anti wako alipima."

Ilikuwa kila kitu nilichokitaka, kimewekwa mezani kati ya vikombe. Nilimwambia. Nilimwambia kuhusu duka, kuhusu ile fupi, jinsi nilivyoona shingo yake ikinyooka. Nilimwambia kuhusu yule mke wa mgeni na msumeno. Sikuruka kitu. Vidole vyake viliendelea kupita juu ya mbao wakati nikisema, vikasimama.

Jogoo aliwika nyuma ya nyumba.

"Si ungesema unaitaka," alisema.

Ningependa kuandika kwamba alinifokea, maana ningekuwa na kitu cha kujibu. Alinipa bunduki, akaomba nimpeleke kitandani, na njiani alinishika bega kama kawaida, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kufika.

Tulizirudisha bunduki siku ya Jumatatu, ile mpya na ile ya zamani. Kwenye kituo cha polisi ofisa wa silaha alizikagua, akaandika namba, akasimama kwenye komeo la ile mpya.

"Hii imewekwa kinyume," alisema. "Nani wa kushoto hapa? Wewe mzee?"

"Hapana," mjomba alisema. "Ni huyu. Mimi nilikuwa nimebeba tu."

Ofisa alicheka akasukuma daftari. Niliweka kidole cha mjomba kwenye mstari kwa kidole changu, kalamu ikiwa mkononi mwake, naye akaandika jina lake juu ya kidole changu na karatasi pamoja. Wino ulibaki kwenye ukucha wangu siku mbili.

Hakuna aliyenifukuza. Jumanne jioni mjomba alisema ng'ombe mmoja anahitaji dawa ya kupe wiki ijayo, kwa namna ya mtu anayejua mimi nitakuwepo. Ila nilikuwa nimekaa naye mezani na nimeona anavyoinua uso kila nikihamisha kiti, akigeuza sikio upande wangu, akijaribu kujua niko wapi. Zamani hakuwa na haja ya kujua. Nilimwambia Jumatano asubuhi kwamba ninaondoka, na kwamba kijana wa jirani atakuja kuhusu kupe. Aliuliza ninaelekea wapi. Nilisema Pwani kwanza.

"Na mto wako?" aliuliza.

Sikujua kwamba aliujua ule mto. Nilisema nimeuacha. Alinyoosha mkono, nikampa wangu wa kulia kama nilivyofundishwa. Aliushika, akaupapasa, akauachia, akatafuta ule mwingine na kuushika kwa muda mfupi. Kisha akageukia dirisha, upande wa mwanga.

Anti alinisindikiza hadi langoni. Alinipa kifurushi cha karatasi ya khaki. "Ni shati," alisema. "Vipimo nilikuwa navyo." Hakusema niende salama wala nirudi. Alisimama pale utepe ukiwa shingoni, akitazama barabara kana kwamba anapima na hiyo.

Nilishuka kwa njia ile ile niliyokuja nayo, Mutomo, Ikutha, mpaka Kibwezi. Kwenye barabara ya Mombasa nilikaa juu ya kalvati nikingoja lori la kunichukua, nikafungua karatasi. Shati lilikuwa la kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye sare za shule. Mikono ilikuwa na urefu kamili. Nilichelewa kuona kilichokuwa kimeniudhi machoni: mfuko wa kifuani alikuwa ameushona upande wa kulia, ambako mkono wa kushoto unafika bila kujipinda.

Alilishona lini? Pindo lilikuwa limeshapigwa pasi, na lilikuwa na vumbi kidogo kwenye mikunjo, kama kitu kilichokaa kabatini muda. Nadhani ni siku zile za bamba la chuma, kabla ya ile risasi ya kilimani.

Lori lilisimama. Nililikunja shati vile vile alivyolikunja yeye, nikapanda. Bado ninalo, na bado sijalivaa.